Kasha ya Kartoni, Kasha ya Plastiki

Dimanche, 16 septembre 1990

Mvua ya kwanza ilitukuta tukitoka misa. Viatu vyangu vyeupe vimekwisha, na hiyo haikuwa habari mbaya ya leo. Habari mbaya ni kwamba Placide amerudi kutoka Bruxelles, na amerudi kwa ajili ya Georgette.

Maman aliniambia wakati nakausha nywele. Alisema taratibu, kama mutu anayebeba supu ya moto. Ati wamekuwa wakiandikiana tangu zamani. Ati wazee wa Placide watakuja hapa Nyalukemba kuongea. Ati Georgette aliogopa kuniambia yeye mwenyewe. Nikauliza aogope nini. Maman akajifanya anatafuta chumvi.

Niandike hapa, sababu kwa kinywa sitasema hata siku moja: niko na wivu. Georgette ni mudogo wangu, nilimubeba ku mugongo, nilimufundisha kusuka nywele. Lakini Placide nilimujua mimi kwanza. Tuliimba kwaya moja ku parokia. Mimi ndiye nilimualika mu sale ya parokia kutazama ile filamu ya mwanamuke anayengoja mume wake ku gare ya treni mpaka nywele yake inakuwa nyeupe. Mwisho wa filamu yule mwanamuke anaimba, na Placide akalia kando yangu mu giza. Nikamupa kitambaa yangu afute macho. Hakuirudisha. Mimi nikawaza mambo. Miaka mitano nimewaza mambo peke yangu.

Lundi, 17 septembre

Mvua. Ku kazi nimeharibu stensili mbili. Chef akauliza kama niko mugonjwa.

Jeudi, 20 septembre

Alikuja kusalimia. Amenenepa, na amevaa kravati, maana mwaka huu serikali imeondoa katazo, na watu wamerudilia makravati na majina yao ya ubatizo kwa fujo, kila mutu ni monsieur. Placide kravati inamufaa. Aliponipa mukono akaniita yaya, kama dada yake mukubwa. Yaya! Mimi na yeye tumezaliwa mwaka moja. Tangu lini nimekuwa mukubwa wake?

Georgette alileta chai. Mimi nikaondoka, nikasema kichwa inauma, na kweli ilianza kuuma.

Samedi, 29 septembre

Tantine Agathe amefika kutoka Katana na kuku wawili na maneno mengi. Yeye ni dada mukubwa wa marehemu papa, na mu familia yetu hakuna ndoa inapita bila yeye.

Alituita sisi wote mu salon. Akasema: hapa kwetu mudogo hatangulii mukubwa kuolewa hivi hivi. Bwana-arusi lazima amupe mukubwa kitu, mbele ya watu, kitu ya kuombea njia. Wakati wake yeye ilikuwa mbuzi. Mukubwa akipokea, njia iko wazi, dot, ile mahari, inaweza kuja. Akikataa, watu wanakunywa maji wanarudi kwao. Aliposema hivyo akanitazama mimi, na maman akatazama chini, na Georgette akatazama mulango.

Basi ndoa yao iko mu mukono yangu. Nimekaa ku kitanda nikiwaza hilo neno, na nimeona utamu ndani yake. Mungu anisamehe. Nimejiona nikisema "apana" kwa sauti ndogo, ya heshima, na wazee wa Placide wakitafuta kofia zao.

Georgette aliingia, tunalala chumba moja bado. Hakuomba kitu. Aliniuliza tu kama ningependa mbuzi ao kikwembe. Nikamuambia mimi sijui, amuulize bwana yake.

Jeudi, 4 octobre

Mvua tangu asubuhi. Umeme ulikatika mara nyingi. Georgette anaimba mu jikoni wimbo ya ile filamu. Ameijulia wapi? Hakuingia mu sale siku ile.

Samedi, 6 octobre

Wamekuja. Placide, baba yake, na mujomba wake, tonton Évariste, ndiye musemaji. Salon ilijaa. Tantine Agathe alivaa kikwembe yake ya sikukuu na akakaa ku kiti ya papa.

Tonton Évariste aliongea kwa kirefu, halafu akaweka sinia mbele yangu, imefunikwa. Nilijua si mbuzi. Akafunua. Juu ya sinia kulikuwa CD mbili.

Tantine akainama, akagusa moja na kidole. "Hii inaliwa?" akauliza. Watu wakacheka. Placide akasimama kueleza. Akasema ni disque ya kisasa, muziki iko ndani, hakuna sindano, mashini inaisoma kwa mwangaza. Akasema zote mbili ni muziki ya filamu moja, ile tuliyotazama ku parokia, ila zimetoka mara mbili, kila moja na kasha yake. Yaya Emérence anapenda filamu, basi achague moja, na ile inayobaki itakuwa ya bibi-arusi. Tantine akasema kama ni hivyo achague, lakini akumbuke mbuzi ilikuwa inazaa.

Nilishika ya kwanza. Kasha ya plastiki, ya kawaida, pembe moja imepasuka, karatasi moja nyepesi ndani na picha ndogo ya gare. Ilikuwa na alama za vidole.

Nilishika ya pili. Ee! Kasha ya kartoni ngumu, nyekundu, kubwa kama misale ya padri. Mwanamuke wa gare amepigwa picha nzima, na koti yake na sanduku yake. Ndani iko utepe wa kuvutia disque, na kitabu ya picha, kurasa zinang'aa, inanuka duka ya Ulaya. Kwa herufi za dhahabu wameandika kwa Kifaransa: muziki yote ya filamu.

Kila mutu mwenye akili angechukua ile ya kartoni. Lakini sikuchukua kwa akili. Nilimutazama kwanza Georgette, nione macho yake yanaenda wapi. Yalikuwa yanaenda ku plastiki. Nikajisemea: anajifanya. Anataka hii nyekundu na anaogopa nione. Nikachukua ile niliyofikiri itamuuma.

"Nimechagua hii," nikasema. "Njia iko wazi."

Vigelegele. Maman akalia. Na Georgette akashika ile kasha yake iliyopasuka, akaiweka ku kifua, akatabasamu kama mutu aliyepona homa. Ile tabasamu iliniharibia siku yote. Niko na kasha nzuri kuliko zote mu Bukavu na roho inaniuma.

Dimanche, 7 octobre

Nimetazama kitabu ya picha mara tatu. Kuna picha ya yule mwanamuke akiimba ku quai, pale treni inasimama. Iko nzuri sana. Sikuonyesha mutu.

Mercredi, 10 octobre

Maman aliuliza swali moja tu, akichambua majani ya sombe: "Na utaisikilizia wapi?"

Nikachukua majani nikachambua na mimi. Hapa kwetu iko radio na kaseti ya papa, basi. Ku kazi hakuna. Mashini ya CD ninayoijua mu muji huu ni moja, ile Placide aliyoleta, na baada ya ndoa itakaa mu nyumba ya Georgette. Kumbe nilichagua kasha. Muziki iko kwa mudogo wangu, na mimi nitabisha hodi kila siku ninapotaka kusikia kitu yangu. Nilicheka peke yangu mu chumba, cheko mbaya.

Lundi, 15 octobre

Mvua ya mawe. Mahindi ya jirani imelala chini.

Dimanche, 21 octobre

Nataka kuandika hii taratibu, nisipasue karatasi.

Placide alikula kwetu. Baada ya chakula mvua ilimufunga, tukabaki ku salon sisi watatu. Mimi nilileta kasha yangu nyekundu, nionyeshe kwamba siko na kinyongo. Placide akaifungua, akageuza kurasa, akasema, "Yaya, nilijua utachagua hii. Niliinunua kwa ajili yako, siku chache mbele ya ndege. Tonton njo alisema lazima ziwe mbili, uchague, heshima ya wazee."

Nikauliza, kwa nini kwa ajili yangu? Moyo ulianza kupiga, mujinga huu moyo.

Akasema, "Bila weye nisingemuona Georgette."

Akaeleza. Siku ile ya filamu mvua ilinyesha sana, na tulipotoka sale Georgette alikuwa anangoja ku mulango, ametumwa na maman aniletee mwavuli. Alikuwa amelowa mpaka mifupa, matope mpaka magoti, na mwavuli ameukumbatia, umefungwa. Placide akamuuliza kwa nini hakuufungua. Yeye akajibu kwamba ni wa yaya, hakutaka umufikie yaya ukiwa umelowa. "Nilikuwa bado na ile wimbo mu masikio," Placide akasema. "Hapo njo roho yangu ilibaki kwake."

Georgette alikuwa anatazama vidole vyake na anacheka kidogo. Placide akaendelea. Alipofika Bruxelles, kitu ya kwanza alinunua ni ile ya plastiki, na hata mashini hakuwa nayo. Alikuwa anaishika tu. Alipopata mashini aliisikiliza kila jioni mpaka kasha ikapasuka. Na siku ya harusi, wataingia mu sale na ile wimbo, nambari sept, ya saba. Amekwisha kuongea na Edouard, mwenye kupiga muziki, na wameijaribu ku mashini, inalia vizuri.

Mimi nikasema ni jambo nzuri. Nikabeba masahani. Ku jikoni nilifungua bomba ya maji ili wasinisikie.

Ile siku naikumbuka. Nilichukua mwavuli ku mukono wake, nikaufungua, nikauweka juu yangu na Placide. Georgette alitembea nyuma yetu. Mimi nilikuwa nasema, nasema, na yeye Placide alikuwa anageuka nyuma. Nilifikiri anatazama mvua.

Mardi, 23 octobre

Sikuenda ku kazi.

Samedi, 27 octobre

Kartoni yangu ni aksanti. Plastiki yake ni mapendo. Hata kipofu angechagua vizuri kuliko mimi.

Samedi, 3 novembre

Georgette alienda ku fundi kujaribu kanzu. Nyumba ilikuwa kimya, mvua juu ya mabati tu. Nilifungua kabati yake, nikatoa kasha ya plastiki, nikatoa disque yake, nikaweka yangu. Yake nikaitia mu kasha yangu nyekundu, chini ya utepe. Ilichukua wakati wa kumenya kitunguu.

Zinafanana. Jina moja, herufi moja, mwangaza moja. Na muziki ni moja, basi nani ameumia? Yeye bado iko na kasha yake na wimbo yake. Mimi niko na ile aliyoisikiliza kila jioni. Nataka tu hiyo. Wamenipita ku kila kitu, waniachie hiyo.

Dimanche, 4 novembre

Ku misa sikukomunia. Maman aliona.

Vendredi, 9 novembre

Georgette ananipenda kupita kiasi siku hizi. Ananipigia pasi nguo, ananiwekea nyama kubwa. Jana aliniuliza kama niko na neno la kumuambia mbele ya harusi. Nikasema kanzu yake imebana ku mabega. Akangoja bado kidogo, halafu akasema atamuambia fundi.

Jeudi, 15 novembre

Nyumba imejaa watu wa Katana. Watoto na mikono ya mafuta kila mahali. Kasha yangu inatembea na mimi mu sakosi yangu ya bega, hata ku choo.

Dimanche, 18 novembre

Jana ilikuwa harusi. Nitaandika yote.

Misa ilipita vizuri. Saa ya kuingia mu sale mvua ilianguka na nguvu, watu wakakimbia, wakajaa, wakakaa. Mimi niliwekwa ku meza ya mbele pamoja na tantine na maman. Georgette na Placide walibaki ku mulango, pazia imefunguliwa, wakingoja muziki. Nilimuona yeye Georgette mwenyewe akimupa Edouard kasha ya plastiki ku mukono. Edouard akaweka disque, akapima nambari sept, akainua kidole.

Ikatoka ngoma. Ngoma kubwa, na vinanda vikilia kama mbwa, na tarumbeta juu yake. Ni muziki ya ile dhoruba ya filamu, wakati treni inaanguka. Watu wakashtuka, halafu wakaanza kucheka. Tantine Agathe akafanya ishara ya musalaba. Placide akamuachia Georgette mukono, akakimbia kwa Edouard. Wakajaribu nambari ya kwanza, vinanda. Ya pili, vinanda. Wakapita zote. Hakuna sauti ya mwanamuke hata moja. Kumbe ile disque ya kartoni haina wimbo. Iko vinanda tu, muziki yote ya filamu ila ile moja watu waliyolilia. Mimi nilikuwa nimekaa nayo mwezi muzima nikitazama picha.

Placide alishika ile disque juu ya taa, akaigeuza, hakuelewa. Tonton Évariste akasema wapige rumba tu, watu wako na njaa. Edouard akaanza kutafuta kaseti.

Na Georgette alikuwa bado ku mulango, peke yake, na maua yake. Upepo ulikuwa unaingiza mvua nyuma yake na kanzu ilianza kulowa chini. Hakumutazama Edouard. Hakumutazama bwana yake. Alikuwa ananitazama mimi. Bila kasirani, alinitazama tu na kungoja.

Nikawaza: nikikaa hapa, imekwisha. Wataingia na rumba kama watu wote. Wimbo yao haitaimbwa siku yao, na hakuna mutu atakayejua. Hiyo ndiyo nilikuwa nataka, tangu septembre nilikuwa nataka kitu kama hiyo. Ilikuwa mbele yangu kama sahani ya pilau. Na sikuweza kuila. Sijui kwa nini. Nilitazama ile kanzu ikilowa na nikakumbuka magoti yenye matope.

Nikasimama. Nikatoa kasha nyekundu mu sakosi, nikapita katikati ya meza, watu wote wakitazama, nikamupa Edouard. "Jaribu hii," nikamuambia. "Nambari sept."

Akaweka. Na yule mwanamuke akaimba.

Wakaingia. Placide alikuwa analia tena, kama siku ile. Kitambaa hakuomba, Georgette alikuwa na yake. Wakati wanapita ku meza yetu tantine Agathe aliruka juu akapiga vigelegele, halafu akasimamisha watu na akatangaza kwa sauti ya soko kwamba wamuone mukubwa, amepewa zawadi yake ya haki, na ameitoa mbele ya watu ili mudogo wake asipate haya. Sale nzima ikanipigia makofi. Baba ya Placide alikuja kunishika mikono miwili. Maman alilia mu bega yangu.

Nilisimama pale mu makofi ya wizi yangu. Sijawahi kupigiwa makofi namna hiyo.

Lundi, 19 novembre

Chumba iko kubwa.

Samedi, 1 décembre

Mvua. Maman anasema nimutembelee Georgette, watu wataanza kusema. Nikamuambia niko na kazi mingi.

Dimanche, 9 décembre

Nilienda. Nilibeba kasha nyekundu, ikiwa na ile disque isiyo yangu, nirudishe na nimalize. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani: ati siku ya kujaza masanduku vitu vilichanganyika, watoto wa Katana unawajua.

Placide anafundisha ku shule sasa, alikuwa anasahihisha kazi ya wanafunzi mu chumba. Georgette alinikalisha karibu na mashini, akanipa chai. Nilianza na watoto wa Katana. Akaniacha niseme mpaka mwisho. Halafu akasimama, akaleta kasha ya plastiki, akatoa disque yangu, akafungua ya kartoni, akazibadilisha, kila moja ku kwao. Alifanya bila kusoma, bila kutafuta.

"Ya Placide iko na mukwaruzo hapa pembeni," akasema. "Ile siku nilitoka kwa fundi nikaifungua niitazame. Niliona ni mupya."

Nikauliza ni siku gani. Nilikuwa najua ni siku gani.

"Ile ile siku, yaya."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Alikuwa na juma mbili. Angeifungua kabati yangu. Angemuambia maman. Na kwa nini alimupa Edouard kasha na mukono yake mwenyewe, anajua kilichomo ndani?

"Nilitaka uirudishe weye mwenyewe," akasema. "Ningekunyang'anya, ungebaki na kitu ku roho. Nikasema nitangoja."

"Na kama ningekaa?"

Akakoroga chai yake, na sukari alikuwa hajatia. "Ningeingia na rumba," akasema. "Lakini nilijua utainuka."

Nililia, na nilikasirika kwamba nalia, na hapo hapo, nisiseme uongo mu kitabu yangu mwenyewe, wivu ukarudi. Si wa Placide tena. Placide nilimutazama aliponisalimia, nikaona ni mutu tu mwenye tumbo na makaratasi. Niko na wivu na huyu mutoto, aliyeweka harusi yake yote juu ya mutu kama mimi na akasimama ku mvua kungoja. Hata kwa hiyo amenipita, na hakuna zawadi ya kuombea njia.

Akaweka disque yangu ku mashini. Tulisikiliza vinanda, ngoma, ile dhoruba, mimi nikigeuza kurasa za picha. Ni nzuri. Sikuwa najua ni nzuri. Iko sehemu ndogo, karibu na mwisho, vinanda vinapiga ile wimbo polepole bila mwimbaji, na Georgette akaiimbia chini chini. Nikaimba sauti ya pili. Placide akatoka ku chumba akasimama ku mulango, Georgette akamufanyia ishara arudi.

Nilipotaka kuondoka mvua ilikuwa inanyesha bado. Placide akachukua mwavuli anisindikize. Georgette akautoa ku mukono yake, akasema akae na wanafunzi wake. Tukatoka sisi wawili. Mwavuli ni mudogo. Aliuweka upande wangu, bega yake yote nje. Nikausukuma upande wake. Akaurudisha. Nikausukuma tena. Tulifika ku barabara wote wawili tumelowa.